Wito wa Kiongozi wa Ibada katika Usharika wa Mjini

Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, analizungumzia kanisa lenye karama nyingi, ambalo kila mmoja amefika na wimbo wake, fundisho lake na ufunuo wake. Paulo hazizimi karama hizo. Anauliza swali moja tu: je, kanisa linajengwa? Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo hilo juu ya mtumishi ambaye mara nyingi hupewa kipaza sauti kabla ya kupewa mafundisho, yaani kiongozi wa ibada. Kwa jina hili hatumaanishi mchungaji aongozaye liturgia madhabahuni. Tunamaanisha mshirika, mwanamume au mwanamke, asimamaye mbele ya usharika kuongoza nyimbo, sifa na maombi.

Mfano wetu ni eneo la Msimbazi na Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tunalichagua kwa sababu pale ugumu wa kazi hii huonekana wazi kuliko mahali pengine.

1. Mahali penyewe

Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, "Carrier Corps", waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hadi leo ni mahali pa watu wabebao mizigo. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Lakini biashara ya mitaa iliyolizunguka haikukoma.

Waumini wa Kilutheri wa eneo kama hili wametoka Kilimanjaro, Kagera, Iringa, Mbeya na kwingineko. Kabla ya makanisa saba kuungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, kila kanisa lilikuwa na mapokeo yake ya nyimbo. Kitabu cha Mwimbieni Bwana kimetupatia maneno ya pamoja. Hata hivyo mwendo wa wimbo, pumzi zake na mapambo ya sauti bado hutofautiana kulingana na mahali mtu alikolelewa. Tena wapo wafanyabiashara waliokuja mjini kununua bidhaa, ambao Jumapili ijayo hawatakuwapo.

Kiongozi wa ibada kijijini hurithi usharika unaokwisha kuimba pamoja. Kiongozi wa Kariakoo hana budi kuujenga umoja huo wa sauti upya kila Jumapili. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza.

2. Wito na uthibitisho wake

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika makala ya 14, hufundisha kwamba mtu asifundishe hadharani kanisani wala kuhudumia sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Kiongozi wa ibada hahudumii sakramenti. Lakini tusikilize asemayo kati ya wimbo na wimbo: anaeleza Mungu ni nani, anaahidi baraka, anaonya, pengine anatangaza uponyaji. Hayo ni mafundisho, na husemwa hadharani. Kwa hiyo haitoshi mtu kusema moyoni mwake kwamba ameitwa, wala haitoshi kuwa na sauti nzuri. Wito wa ndani hauna budi kukutana na wito wa nje, unaotoka kwa usharika.

Kwa vitendo, tunapendekeza njia hii. Aongozaye awe mshirika aliyebatizwa na kupata kipaimara, ashirikiye Meza ya Bwana. Aanze kuongoza katika ibada za jumuiya, nyumbani kwa watu, mahali pasipo vyombo vya umeme na ambapo kosa husahihishwa kwa upole. Kisha baraza la wazee pamoja na mchungaji wampime, si sauti yake tu bali pia mwenendo wake na uelewa wake wa Katekisimo Ndogo. Mwisho aingizwe kazini mbele ya usharika wote kwa maombi, ili yeye na washarika wajue kwamba huduma hii si mali yake.

3. Kwaya kama shule

Shule ya kwanza ya kiongozi wa namna hii ni kwaya. Mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Gregory Barz, alifanya utafiti kuhusu kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika miaka ya 1990, ikiwamo Kwaya ya Upendo ya Azania Front, na kitabu chake kikatoka mwaka 2003. Alionyesha jambo ambalo wachungaji wengi wanalifahamu lakini hawalitumii ipasavyo: kwaya ni zaidi ya kundi la waimbaji. Ina mwenyekiti, katibu na mhazina, huwatembelea wagonjwa, huchangia mazishi ya ndugu za wanakwaya. Kijana aliyefika mjini bila ukoo hupata ukoo humo.

Hapo ndipo mtu hujifunza kuja mazoezini baada ya siku nzima dukani, kumsikiliza aliye kando yake, kukosolewa na mwalimu bila kununa, na kuimba sauti ya chini pasipo kutafuta kusikika peke yake. Asiyekubali kuongozwa kwa miaka kadhaa katika kwaya hajawa tayari kuwaongoza wengine.

4. Kazi yenyewe

Kipimo cha kiongozi wa ibada ni kama washarika wanaimba. Basi achague ufunguo unaofikiwa na mama mzee wa benchi la nyuma, asichague ule unaopendeza koo lake mwenyewe. Nyimbo azitoe katika somo na kichwa cha Jumapili hiyo na katika majira ya kalenda ya Kanisa. Kwaresima isiimbwe kama Pasaka. Wimbo mpya aufundishe kabla ya ibada, mstari kwa mstari. Katika ubeti mmoja avinyamazishe vinanda na ngoma, ili watu wajisikie wenyewe. Maneno yake yawe machache, na mahubiri amwachie mhubiri.

Wala asidhani kwamba uchangamfu na mapokeo ni maadui. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Theolojia Makumira, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya Kiafrika, nao sasa huimbwa na Walutheri wa mabara mengi. Howard Olson, aliyefundisha chuoni hapo, alikusanya nyimbo za namna hiyo. Ni nyimbo za furaha, zina mafundisho kamili, na usharika wote waweza kuziimba.

5. Hatari iliyopo

Luther, alipotoa utaratibu wake wa misa ya Kijerumani mwaka 1526, alikuwa amekwisha kuwapa watu wa kawaida nyimbo za lugha yao, kwa maana kwa muda mrefu uimbaji wa ibada ulikuwa umeachiwa makasisi na waimbaji maalumu. Ikiwa leo vipaza sauti vinaimba na washarika wanatazama, tumewanyang'anya tena kile kile walichorudishiwa, japokuwa safari hii tumefanya hivyo kwa shangwe.

Hasara yake si ndogo. Vita ile ile iliyoipa Kariakoo jina lake iliwaondoa nchini wamisionari wa Kijerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika. Imani iliendelea kwa sababu watu walikuwa nayo vinywani: katekisimo, sala na nyimbo. Usharika uliozoea kuimbiwa hautakuwa na akiba hiyo siku ya msiba.

Kwa hiyo wachungaji, na ninyi wanafunzi mtakaopangiwa sharika za mjini, msimwache mtumishi huyu peke yake. Kaeni naye katikati ya juma juu ya masomo ya Jumapili. Mfundisheni liturgia na sababu zake. Mwonyeni faraghani na mtetee mbele ya watu. Naye ajifunze kusikiliza kuliko kuimba. Anaposikia kwamba sauti yake imemezwa na sauti ya washarika, hapo na ashukuru, maana ndilo jambo aliloitiwa.