Kipupwe Kikiingia, Watoto Wapande Uluguru

Juni ikifika, Morogoro hutoa masweta sandukuni. Alfajiri kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 15, wauza uji wa barabarani hupata wateja wanaokumbatia kikombe kwa viganja viwili kabla ya kunywa, na Milima ya Uluguru, ambayo siku nyingine husimama nyuma ya mji kama ukuta, hupotea kabisa ndani ya ukungu mpaka saa tatu au saa nne. Wenyeji wameuita mji wao "mji kasoro bahari", kwa maana kwamba kila kizuri kipo ila bahari tu. Kuanzia Juni hadi Agosti mji huo una kitu ambacho miji ya pwani hukitamani: baridi.

Baridi hiyo huja pamoja na likizo ya shule, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Watoto hufungiwa ndani na televisheni kwa hofu ya mafua, ilhali mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda chumba kilichojaa watu na madirisha yaliyofungwa. Nje, kipupwe ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha kumtembeza mtoto mlimani. Masika yamepita, njia za upande wa mji zimekauka kiasi cha kukanyagika, mito bado ina maji ya kutosha, na jua la mchana halichomi. Mwezi Aprili njia hizohizo ni utelezi mtupu. Januari mtoto hachukui nusu saa kabla ya kulalamika joto.

Kwa nini milima hii iwe na baridi hivyo, wakati Dar es Salaam iko kilomita 190 tu kutoka hapo? Katika miezi hii jua la utosi lipo kaskazini mwa ikweta, na upepo wa kusi huvuma kutoka baharini. Ukifika Uluguru haupati njia ya kupita, hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, kwa wastani wa nyuzi sita kwa kila mita 1,000. Anayetaka kumwonyesha mtoto jambo hili hahitaji maabara. Pampu ya baiskeli ikisukumwa kwa nguvu hupata moto, kwa sababu hewa imebanwa. Hewa ikifunguliwa kutoka kwenye tairi huwa ya ubaridi kwenye kidole, kwa sababu inatanuka. Mlima unafanya kazi hiyo ya pili, kwa ukubwa wake wote. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari na kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kimezidi mita 2,100. Kama mjini ni nyuzi 15, basi kwa hesabu hiyo pale juu ni tano au sita.

Hewa iliyopoa hushindwa kubeba mvuke wake, ndipo yanapopatikana mawingu na mvua. Upande wa mashariki, wa Kinole na Matombo, ndio unaopokea mzigo wa kwanza. Zipo sehemu huko zinazopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, na hata kipupwe manyunyu hayaishi. Upande wa magharibi hupata kilichobaki. Kwa hiyo familia yenye watoto wadogo ianze na upande wa mji au wa Mgeta, huko magharibi. Mashariki kwataka makoti ya mvua na uvumilivu.

Safari iliyozoeleka zaidi ni ya kwenda Morningside, nyumba ambayo Wajerumani waliijenga mlimani mwaka 1911. Kwa mtu mzima mwenye pumzi ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini. Watoto waongezewe saa nzima, maana watasimama kila penye mfereji, kila penye jongoo. Wasiharakishwe. Njia yenyewe ni darasa. Asubuhi na mapema hukutana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na matenga kichwani, ndizi, mboga na magimbi, wakiwahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mtoto wa mjini aliyezoea kuona kabichi gengeni hapo huona imetoka wapi na imebebwa na shingo ya nani. "Shikamoo" yake hujibiwa "marahaba" bila tenga kuyumba.

Juu ya mashamba ya migomba unaanza msitu, na hapo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya hifadhi iliyokuwepo kabla. Ina zaidi ya hekta 24,000 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao wengi huujua kwa herufi zake tatu, TFS. Wageni huingia kwa kibali na hutembea na mwongozaji. Raia wa Tanzania hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje. Hili lisemwe kwa sauti, kwa sababu bado wapo wazazi wanaoamini hifadhi ni mahali pa watalii wenye kofia na kamera kubwa. Msitu huu ni wa mtoto wa Kihonda na wa Mwembesongo, kata za Morogoro mjini, kabla haujawa wa mtu mwingine.

Na baadhi ya vilivyomo humo havipatikani kwingine. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imetengana kwa muda mrefu sana, kila mmoja ukiwa kama kisiwa kilichozungukwa na nyika, na viumbe wake wakabadilika kila mmoja kivyake. Chozi wa Loveridge, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, anaishi Uluguru peke yake. Vivyo hivyo kipwe wa Uluguru, ambaye hukaa juu sana kwenye matawi na husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana. Arthur Loveridge, aliyepewa heshima ya jina la chozi yule, alikuwa mwanasayansi aliyekusanya viumbe vya Tanganyika katika miaka ya 1920. Wapo pia vyura wa jamii ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengine. Mama hukaa na watoto tumboni na kuzaa vichura vilivyokwisha kuwa na miguu minne. Mweleze hayo mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa juzi tu mzunguko wa maisha ya chura, uone macho yake.

Kipupwe kina faida yake kwa watazamaji wa viumbe hawa wadogo. Damu ya kinyonga na mjusi hufuata joto la mahali, kwa hiyo asubuhi ya baridi huwa wazito, wamejishikilia kijitini wakingoja jua. Mtoto mwenye subira anaweza kumtazama kinyonga kwa dakika kumi bila yeye kuondoka. Kutazama tu, si kushika. Chini ya milima upande wa mashariki, katika msitu mdogo wa Kimboza, yupo mjusi ambaye dume lake lina rangi ya buluu kali kama kitambaa kipya. Hapatikani popote duniani isipokuwa Kimboza na misitu ya jirani, na uzuri wake ulikaribia kummaliza, kwani alikamatwa kwa maelfu kwenda kuuzwa ng'ambo kama mnyama wa kufuga. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kumweka katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kufanyiwa biashara wanapotolewa porini.

Kando ya maporomoko na kwenye mawe yenye kivuli huota pia dughulushi, ua dogo la zambarau lenye majani yenye manyoya. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa ofisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua hilo kutoka Usambara, na tangu hapo limekuwa ua la madirishani Ulaya nzima, likitunzwa kwenye joto la ndani wakati nje theluji imetanda. Ndugu zake wa porini wapo Usambara na Uluguru, na hawana haja ya dirisha.

Familia yenye gari imara, au yenye moyo wa kupanda daladala za mlimani, itafute siku ya Mgeta. Kutoka Morogoro unafuata barabara ya Iringa, kisha unaacha lami na kupanda. Hapa baridi ina kazi. Mti wa tofaa hauzai vizuri pasipo baridi: hupukutisha majani, hulala, na ukiamka ndipo huchanua. Ndiyo maana matofaa, plamu na pichesi hukubali Mgeta na kukataa Bagamoyo. Kipupwe si msimu wa kuyachuma, ila watoto watakuta njegere, kabichi, karoti na viazi mviringo, na mkulima akiwa mkarimu atawaacha wapasue maganda ya njegere wenyewe na kuzila mbichi. Watakuta pia mbuzi wa maziwa, uzao wa mbuzi wa Norwei waliopelekwa huko na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbuzi wa nchi ya barafu walionekana kufaa hapo kuliko bondeni.

Miteremko hiyo ina historia ambayo babu na bibi waachiwe waisimulie. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa kazi ya shuruti ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1955 watu wakachoka, ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Si kwamba hawakuujali udongo wao. Mgeta palikuwa na ngazi za kilimo za wenyeji tangu zamani. Walichokataa ni kuamrishwa juu ya shamba la ukoo.

Ukoo kwa Waluguru ni wa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo (ukoo) la mama yake, na ardhi hufuata njia hiyohiyo, kwa hiyo mjomba huwa mtu mzito. Jioni ya baridi, watu wakiota moto, maswali ya "wewe ni wa nani?" ndiyo huanza, na mtoto wa mjini anayejua jina la baba tu hugundua kuwa ana nusu nyingine ya kuitafuta. Kisha vitendawili. Mmoja asema "Kitendawili!", wengine "Tega!", mahindi yanachomwa pembeni, chai ya tangawizi inazunguka. Simu huko milimani mara nyingi hazishiki mtandao, na hilo lihesabiwe kuwa baraka.

Siku miguu ikiuma, mji wenyewe una jambo la kutazama. Shirika la APOPO, linalofanya kazi na Chuo cha Sokoine tangu mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi, na hupokea wageni. Magawa, panya aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alikwenda Kambodia akagundua mabomu zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mtoto aliyefunzwa nyumbani kuwa panya ni wa kupigwa fagio hutoka pale akiwa na swali.

Matayarisho ni machache. Sweta mbili nyepesi zinazovalika pamoja ni bora kuliko koti moja zito, kwa sababu mtoto akipanda hutokwa jasho, na jasho likipoa akiwa amesimama ndilo linalomdhuru. Soksi za akiba. Viatu vyenye meno, visivyo vipya. Maji, karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kuondoka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu ukungu unaweza kurudi alasiri na kuzifuta njia. Walimu wenye Klabu za Malihai shuleni, zilizoanza nchini mwaka 1980, watapata hapa kazi ya muhula mzima. Na anayeweza kungoja hadi wiki ya kwanza ya Agosti ataunganisha mlima na maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, ambapo watoto huona ng'ombe, samaki wa bwawani na miche ya kila aina uwanjani Morogoro.

Wanaotoka Dar es Salaam sasa wana treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Stesheni iko Kihonda. Wakati wa kurudi, mtoto apewe kiti cha dirishani. Mto Ngerengere uliopita mjini, mto Mgeta ulioshuka kwenye njegere na mbuzi, vijito vya Kinole na Matombo, vyote huishia katika mto Ruvu, na njia ya kwenda pwani hupita juu ya mto huo. Maji yale ya rangi ya chai ya maziwa yatavutwa Ruvu Juu na Ruvu Chini, yatasafishwa, yataingia kwenye mabomba, na mengine yatafika Dar es Salaam baada ya yeye kushuka kwenye treni, yakiwa yametoka kwenye msitu aliokuwa akitetemekea ndani yake jana asubuhi.