Apareyi ya foto ya zamani au mpya: dola zako ziende wapi?

Hapa Mikelenge kazi ya foto haijakufa, hata kama kila mtu ana telefone mfukoni. Ndoa, ubatizo, siku ya diploma wakati vijana wanamwagiwa pudra nyeupe kichwani, foto pasi za kuweka kwenye dosye ya shule: bado watu wanamwita mpigafoto. Shida ni kwamba siku hizi mpigafoto anapimwa na telefone ya mteja wake. Kama foto yake haizidi ile ya telefone, mteja anauliza: sasa nikulipe kwa nini?

Njo maana vijana wengi wanatafuta refleksi, ile apareyi kubwa ambayo ndani yake kuna kioo kinachoruka juu unapobonyeza, na ambayo unaweza kuitoa objektifu yake na kuweka ingine. Swali linalorudi kila mara ni moja: ninunue ya zamani, ya okazioni, bei ya chini, ama nijikaze nipate mpya? Wengine wanachukua pesa yote ya likelemba kwa ajili ya hiyo. Wengine wanaingia deni. Mtu akikosea hapo, anaweza kupiga ndoa za mwaka mzima kwa kulipa deni tu.

Tuchukue apareyi mbili za kweli ili tusiongee hewani. Ya kwanza ni Canon 450D, iliyotoka mwaka 2008. Ya pili ni Canon 2000D, iliyotoka mwaka 2018. Miaka 10 katikati yao. Nimechagua hizi kwa sababu ni za familia moja na za daraja moja, la mtu anayeanza, na objektifu za moja zinaingia kwenye ingine bila shida. Wakati zilipotangazwa Marekani, ile ya 2008 ilikuwa karibu dola 900 pamoja na objektifu yake, na ile ya 2018 karibu dola 550. Leo ya zamani unaipata tu ya okazioni, kwa bei iliyo chini sana ya hapo.

Ukiziweka mbili mezani utashangaa namna zinavyofanana. Kapteri, kile kipande kidogo ndani kinachopokea mwanga, kina ukubwa karibu sawa kwa zote mbili. Nafasi za kulenga ni 9 kwa moja na 9 kwa ingine. Ukishika kidole kwenye kitufe, ya zamani inapiga foto 3 na nusu kwa sekunde, mpya inapiga 3. Ndiyo, umesoma vizuri: hapo mzee anamshinda kijana. Zote mbili kwa kawaida zinauzwa na objektifu ya 18-55.

Kitu ambacho wauzaji wanakitangaza kwa sauti kubwa ni megapikseli. Ya 2008 ina 12, ya 2018 ina 24, na muuzaji atakuambia ni mara mbili zaidi. Hesabu yake ni kweli. Lakini uliza mteja wako anafanya nini na foto. Foto ya karatasi ya 10 kwa 15, ile ya kuweka kwenye albamu, inahitaji megapikseli 2 hivi ili itoke safi kabisa. Karatasi ya A4, ile ya kutundika ukutani sebuleni, inahitaji karibu 9. Ya zamani ina 12, kwa hiyo A4 inapita bila wasiwasi. Megapikseli 24 zitakusaidia ukitaka kutoa bango kubwa, ama ukitaka kukata kipande kidogo katikati ya foto na kukikuza. Na kama foto inaenda WhatsApp, WhatsApp yenyewe inaipunguza kabla ya kuituma, basi zile 24 zinabaki njiani. Tena faili za apareyi mpya ni nzito karibu mara mbili: zinajaza karti ya memwari haraka, na ordinateri ya zamani inahangaika kuzifungua.

Sasa tufike fasi ambapo kazi yenyewe inaharibika: usiku.

Sherehe zetu nyingi zinaanza jioni. Kuran inaweza kukatika, watu wanawasha gurupu, ampuli mbili tatu zinaning'inia, moja iko nyuma ya bibi arusi. Kwa mwanga huo mdogo apareyi inafanya moja kati ya mambo matatu: inaacha pazia lake wazi muda mrefu zaidi, ama inafungua zaidi tundu la objektifu, ama inaongeza nguvu ya kapteri. Hiyo nguvu njo inaitwa ISO. Pazia likikaa wazi muda mrefu, mtu anayecheza anatoka flu, mikono yake inakuwa kama moshi.

ISO ya 450D inaishia 1600. Ya 2000D inafika 6400 kwa kawaida. Ni mara 4 zaidi. Tuseme ukumbi una mwanga ambao kwa ya zamani, na objektifu yake ya 18-55 ukiwa umeivuta karibu mwisho, pazia linahitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde. Hapo foto ya mtu anayecheza imekufa. Kwa mpya, mwanga uleule, inakuwa sehemu moja ya 60. Mtu akisimama ama akitembea pole pole utampata. Foto itakuwa na chembechembe kama mchanga, lakini utampata. Huo ni ushindi wa kweli wa apareyi mpya na sitaudharau.

Lakini kuna objektifu ndogo ya Canon, ya 50 yenye tundu la 1.8, isiyovuta karibu wala mbali. Ile ya aina ya STM ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa karibu dola 130 huko Marekani, na kuna ya kabla yake ambayo inapatikana kwa okazioni. Tundu lake linapitisha mwanga karibu mara 10 kuliko ile 18-55 ukiwa umeivuta. Mara 10! Iweke kwenye ile apareyi ya mwaka 2008, kwa ISO ileile ya 1600, na pazia linatoka kwenye sehemu moja ya 15 hadi karibu sehemu moja ya 150. Maana yake apareyi ya zamani yenye objektifu nzuri inapiga usiku vizuri kuliko apareyi mpya yenye objektifu ya kartoni.

Bei yake iko kwa namna ya kupiga. Haivuti, basi miguu yako njo inavuta: unarudi nyuma, unasogea mbele, na katika nyumba ndogo unaweza kugonga ukuta na mgongo bado familia haijaingia yote. Pia ukifungua tundu lote, ni sehemu nyembamba tu ya foto inayotoka wazi. Bibi arusi atatoka safi, shangazi aliye nyuma yake atatoka flu, na shangazi hatasahau. Kwa kundi la watu inabidi ufunge tundu kidogo na kutumia flashi.

Kuhusu flashi nitoe onyo, kwa sababu wachache wanalijua. Wapigafoto wetu wengi wanatumia flashi za marki zingine, ama kile kidude cha redio kinachowasha taa za studio kwa mbali. Hivyo vitu vinaongea na apareyi kupitia ncha ya katikati kwenye kile kibanda cha chuma juu ya apareyi. Canon ilianza kuitoa hiyo ncha kwenye baadhi ya modeli zake za bei ndogo za miaka ya karibuni. Kwa mfano 250D ya mwaka 2019 haina. Ukiweka pale kidude chako cha zamani, hakiwashi kitu. Kabla ya kununua apareyi yoyote mpya ya daraja hilo, angalia kile kibanda kwa macho yako: kama katikati hakuna kidoti kikubwa cha chuma, vifaa vyako vya studio havitafanya kazi. Ya 2008 ina ncha yake.

Basi mpya inashinda wapi waziwazi? Kwa video, kwanza. Ile 450D haipigi video hata sekunde moja. Ile 2000D inapiga video ya 1080, ile inayoitwa Full HD. Kama wateja wako wanataka filamu ya ndoa, mazungumzo juu ya ya zamani yanaishia hapo. Ila ujue mipaka: haina tundu la kuingizia mikro, kwa hiyo sauti ya padri ama ya pasteri itafika pamoja na kelele ya gurupu, na wakati wa video haimfuati yenyewe mtu anayetembea, unazungusha objektifu kwa mkono. Sisi wa redio tunasema kila siku kwamba sauti ni nusu ya kazi. Hapo utahitaji kifaa cha kurekodi cha pembeni, ama telefone iliyowekwa karibu na msemaji.

Ya pili ni wifi. Apareyi inatengeneza mtandao wake yenyewe, telefone inaingia humo, na foto inapita bila kula megabaiti zako. Mama wa bibi arusi anapata foto kwenye telefone yake kabla hajatoka ukumbini. Kwa ya zamani unatoa karti, unatafuta ordinateri ama kile kichomeo cha karti cha telefone, na mteja ameshaonyesha foto za binamu yake. Ya tatu ni ekrani ya nyuma. Zote zina inchi 3, lakini ya mpya ina nukta mara 4. Kwenye ya zamani kila foto inaonekana nzuri; ukifika nyumbani njo unaona macho yako flu. Inabidi ukuze foto kwenye ekrani kila mara na kuhakikisha.

Upande wa vumbi, mzee anatoa somo tena. Ile 450D inatikisa kapteri yake unapoiwasha na kuizima, vumbi linaanguka. Ile 2000D haina mtambo huo. Yeyote aliyebadilisha objektifu akiwa juu ya pikipiki wakati wa kiangazi anajua hizo alama nyeusi zinazojitokeza mbinguni kwenye kila foto. Na kwa maji zote mbili ni sawa: hazina kinga. Ukiitwa sherehe ya Alunguli na unavuka Lualaba kwa mtumbwi, weka apareyi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha ndani ya begi. Ukitoka kwenye baridi ya asubuhi kuingia ukumbi wenye joto, iache kwanza ndani ya mfuko ipate joto pole pole.

Maoni yangu, kwa anayeanza na pesa kidogo, kazi yake ikiwa foto za karatasi na foto pasi: achukue ya zamani iliyo nzima, na pesa inayobaki iende kwa ile objektifu ya 50, flashi moja na bateri ya pili. Bateri ya pili si anasa. Kwa mpya Canon inahesabu foto 500 hivi kwa chaji moja, na ya zamani haikuwa mbali na hapo ilipokuwa na bateri changa, lakini bateri iliyozeeka haifiki nusu, na siku ya ndoa kuran haikungoji. Anayeulizwa video kila wiki, yeye atafute mpya, ama modeli ya katikati ya okazioni inayopiga video. Kuingia deni kwa sababu ya megapikseli tu, hapo sikubali.

Sasa, ukienda kuona apareyi ya okazioni. Muuzaji atakuonyesha foto yenye jina IMG_0234 na kusema, tazama, imepiga foto 234 tu. Hiyo si ushahidi. Hesabu ya Canon ikifika 9999 inarudi mwanzo, na mtu anaweza pia kuirudisha mwenyewe. Hesabu ya kweli ya pazia Canon za daraja hili haziiandiki ndani ya foto. Inahitaji programu na waya wa ordinateri. Nikon, kwa mfano, huiandika ndani ya faili yenyewe, hata fundi wa labo anaweza kukusomea.

Toa objektifu, iangalie ukielekeza kwenye mwanga. Kwa unyevu wetu wa Maniema, kuvu inaota ndani ya vioo, inafanana na nyuzi nyeupe za buibui. Ukiiona, rudisha. Piga foto ya mbingu ukiwa umefunga tundu hadi 16, alama za vumbi zitajitokeza. Weka bateri, piga foto 30 mfululizo na flashi, uone kama inaanguka. Nenda na karti yako mwenyewe: ile 450D inakubali SD na SDHC, yaani hadi gigabaiti 32, na karti kubwa zaidi ya hapo haikutengenezewa.

Tena usichanganywe na majina. 450D iliyouzwa Marekani imeandikwa Rebel XSi, na ile ya Japani Kiss X2. 2000D utaikuta imeandikwa Rebel T7 ikitoka Marekani, ama 1500D ikitoka Asia. Ni apareyi zilezile, bei isipande kwa sababu ya jina. Chaja nayo iangalie: kuna zinazotoka nchi zingine na plagi isiyoingia kwenye priza zetu, basi omba adapta hapohapo, kabla hujatoa pesa.