Kupamba biskuti za Pasaka: Maji ndiyo huharibu kazi

MPISHI anayepamba biskuti za Pasaka kwa mara ya kwanza hukumbana na moja kati ya mambo mawili. Ama aisingi humwagika ukingoni mwa biskuti kabla hajainua mkono, ama hukauka ndani ya bakuli ikawa ngumu kama chokaa. Makosa hayo yana chanzo kimoja, nacho ni kipimo cha maji.

Aisingi inayozungumziwa hapa ni ile ya ute wa yai na sukari, ambayo Waingereza huiita ya kifalme. Jina hilo mara nyingi huhusishwa na harusi ya Malkia Victoria mwaka wa 1840, ingawa Elizabeth Raffald, mwandishi wa mapishi wa Uingereza, alikuwa ameeleza tangu mwaka wa 1769 jinsi ya kufunika keki ya harusi kwa ute wa yai na sukari. Tofauti na krimu ya siagi iliyozoeleka katika keki za siku ya kuzaliwa, aisingi hii haina mafuta hata chembe, na ikikauka huwa ngumu. Ndiyo sababu biskuti zilizopambwa nayo huweza kupangwa katika mkebe, moja juu ya nyingine, bila picha zake kuharibika. Katika Jamhuri ya Czech, hutumiwa kupambia biskuti za asali na viungo zenye umbo la mayai na kondoo, na nyingi huchorwa kwa rangi nyeupe pekee.

Biskuti yenyewe haina makuu. Ni siagi, sukari, yai na unga wa ngano, bila bekingi poda, kwani biskuti ikiumuka umbo la sungura hupotea. Donge huwekwa kwenye friji kwa nusu saa, likasukumwa hadi unene wa milimita 5 hivi, likakatwa na kuokwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12. Asiye na oveni huoka katika sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, ila hapo jicho lisibanduke. Hatua isiyostahili kuharakishwa ni ya kuzipoza. Biskuti yenye joto huyeyusha aisingi, na siagi yake hupenya juu na kuacha madoa.

Kwa aisingi, ute wa mayai 2 hutosha gramu 450 za sukari laini ya aisingi, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Sukari huchekechwa kwanza, maana chembe moja iliyoganda huziba tundu la kuchorea. Bakuli liwe la kioo au chuma, lisilo na mafuta, na kiini cha yai kisiingie hata tone, kwa kuwa mafuta huzuia ute kuumuka. Ndimu nayo husaidia povu la ute kusimama imara. Ute huchapwa hadi utoe povu, kisha sukari huongezwa kidogo kidogo huku mashine ikienda polepole. Kuchapa kwa kasi huingiza hewa nyingi, na hewa hiyo hutokeza baadaye kama vitundu juu ya biskuti.

Hapo kuna jambo ambalo mapishi mengi hulipita kimya. Ute huo ni mbichi, na yai bichi laweza kuwa na bakteria wa salmonela. Wingi wa sukari si hakikisho kwamba wamekufa. Watoto wadogo, ambao ndio walaji wakuu wa biskuti hizi, wako katika hatari zaidi, sawa na wajawazito, wazee na wagonjwa. Njia salama ni kutumia ute mkavu wa unga uliotibiwa kwa joto, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya keki. Aliye na kipimajoto anaweza pia kuchanganya ute na sehemu ya sukari katika bakuli lililowekwa juu ya maji yanayochemka polepole, akikoroga bila kukoma hadi ufike nyuzi 71, kisha akaendelea kuchapa.

Baada ya hapo ndipo maji huamua kila kitu. Aisingi ya kuchorea ukingo iwe nzito kama dawa ya meno. Ya kujazia ndani hupunguzwa uzito kwa maji, kijiko kidogo baada ya kingine, hadi mstari uliochorwa kwa kisu juu yake ufutike wenyewe baada ya sekunde 10 hadi 15. Ukifutika kwa sekunde 5, maji yamezidi. Dawa ni kuongeza sukari. Ukingo ukishashika, katikati hujazwa na kusambazwa kwa kijiti cha meno, kijiti hichohicho kikipasua mapovu. Muda wote huo, bakuli lifunikwe kwa kitambaa kibichi.

Rangi nzito ya jeli hufaa kuliko ya majimaji, ambayo huvuruga uzito uliotafutwa kwa taabu. Kwa kuchorea, karatasi ya kuokea iliyokunjwa kama pakiti ya njugu za barabarani na kukatwa ncha hufanya kazi vizuri. Pakiti ya maziwa iliyooshwa, ambayo wengine huikimbilia, si mbadala mwema, kwani mafuta ya maziwa hung'ang'ania ndani yake.

Kalenda nayo haisaidii. Pasaka ya makanisa ya Magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, wakati ambapo mvua ya masika huwa imeanza au inakaribia, na aisingi hukauka kwa maji kutoka na kuingia hewani. Hewa ikiwa kavu, saa 8 hadi 12 hutosha. Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, siku nzima huenda isitoshe. Feni iliyoelekezwa kwenye trei husaidia, na huacha uso unaong'aa. Friji haifai, kwa sababu biskuti zikitolewa humo hutoa jasho na rangi zikachujuka.

Anayetaka watoto wale Jumapili ya Pasaka basi aoke Alhamisi na kupamba Ijumaa Kuu, ambayo ni siku ya mapumziko. Jumamosi trei ikae wazi mezani, mbali na sufuria zinazochemka, na macho na masharubu ya sungura yachorwe jioni, rangi ya chini ikishakauka.