Mkasi Kwenye Sweta: Biashara ya Saizi Arua na Koboko

Belo la masweta halina wagombeaji wengi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi huja kweli, lakini jua la Januari na Februari halimpi mtu hamu ya kuvaa sufu. Mteja hulishika sweta zito adhuhuri, akalipima uzito mkononi, akalirudisha kwenye lundo bila hata kuuliza bei. Na bado yanaletwa, maana kinachofungwa kwenye mabelo ni kile walichokivaa watu wa nchi za baridi. Mahitaji ya Arua hayamo katika hesabu hiyo.

Kwa fundi cherehani, kasoro kubwa ya belo hilo ni saizi kuliko joto, na saizi inatibika kwa mkasi. Sensa ya 2024 ilihesabu Waganda milioni 45.9, takriban nusu yao wakiwa hawajatimiza miaka 18. Sweta la mwanamume mnene wa Ulaya linaingia katika nchi ya watoto. Tena mtoto mchanga ndiye mtu pekee anayevalishwa sufu hapa mchana kweupe: kofia, soksi na blanketi juu yake, jua liwake lisiwake. Mama anayemtoa mwanawe kichwa wazi ajiandae kusemwa na wakwe. Kwa hiyo sweta moja kubwa likikatwa kwa akili linatoa nguo tatu au nne. Kifua na mgongo ni sweta la mtoto wa miaka miwili. Mikono miwili ni miguu ya suruali ya mtoto, na ukingo wa kubana uliokuwa kwenye kiuno unageuka kofia, mpindo wake ukiwa umeshamalizwa na kiwanda.

Tufanye hesabu. Belo la kawaida lina kilo 45. Sweta la gramu 450 si zito kupita kiasi, kwa hiyo tuseme belo lina masweta 100. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa nguo zilizovaliwa ni asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Hiyo ni dola 18 kwa belo kwa uchache, yaani senti 18 za dola kwa kila sweta, na hapo bado hujalipa meli, lori la kutoka Mombasa, dalali wa soko la Owino jijini Kampala, wala safari ya kilomita zinazokaribia 500 kutoka huko hadi Arua kupitia Karuma na Pakwach. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, magari yalilazimika kuzunguka, na kila mwenye mzigo wa West Nile aliijua gharama ya mzunguko huo.

Fundi hanunui belo, wala hana mtaji wake. Mchuuzi hufungua, walio mbele huchagua yaliyo safi, na siku zinavyokwenda yanabaki yaliyotoboka kiwiko, yenye doa kifuani, au mapana kuliko mtu yeyote sokoni. Mabaki hayo huuzwa kwa fungu, na hapo ndipo faida inapozaliwa. Tundu la kiwiko linalomshusha mchuuzi bei halimsumbui sana fundi, kwa kuwa kiwiko hakimo katika kifua na mgongo, kipande kikubwa anachokitaka. Anayelipa zaidi ili apate sweta zima, kisha akalikata, amelipia uzima asiouhitaji.

Ugumu uko kwenye cherehani. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa huu ulitoka nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta na baadaye mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, Zombo, wenye megawati 3.5. Cherehani ya miguu ikabaki mfalme wa baraza, na haikukosea: inashona bila kuuliza kama umeme upo. Ila inashona mshono mmoja tu, ulionyooka, nao ni adui wa kitambaa kilichofumwa. Sweta linavutika, uzi wa mshono hauvutiki. Mtoto akilivaa mara ya kwanza linapopita kichwani, mshono unakatika. Mwenye ovaloki, ambayo mshono wake huvutika, hana shida hiyo, lakini ovaloki ni mashine nyingine, ina gharama yake, na wengi hupeleka kazi kwa jirani aliye nayo na kumlipa kwa kipande.

Asiye nayo ana mbinu. Kwanza hapigi mkasi kabla ya kushona: anachora mstari kwa chaki, anashona mistari miwili iliyokaribiana, kisha anakata nje yake, ili mafundo ya ufumaji yasikimbie. Chini ya kitambaa anaweka ukanda wa gazeti, meno ya cherehani yasilivute sweta likapinda, na akimaliza anauchana. Kitambaa anakivuta kidogo kinapopita chini ya sindano, ili mshono upate ulegevu. Shingo hamalizi kwa mashine. Anarudishia ukingo wa kubana uliokatwa kwingine na kuushona kwa mkono. Kazi hii si ya kitaalamu sana, lakini asiyeifanya kwa utaratibu huo atarudishiwa nguo, na mteja wa Arua anajua kurudisha.

Ujuzi mwingine ni wa kutambua uzi. Ukiuchoma, sufu halisi hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika, ilhali akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu cheusi. Tofauti hiyo ni pesa. Sweta la sufu likifuliwa kwa maji ya moto na sabuni, na kusuguliwa bila huruma, hunywea na kuwa zito kama blanketi, na likikatwa halifumuki. Yaani linajitibu lenyewe lile tatizo la ovaloki. Linafaa viatu vya mtoto, mkoba, hata kishikio cha sufuria. Bahati mbaya akriliki ndiyo iliyojaa siku hizi.

Kugeuza sweta kuukuu kuwa mali si jambo la jana. Mwaka 1813, huko Batley, Uingereza, Benjamin Law alianza kusaga matambara ya sufu na kuyasokota upya. Baadaye kazi hiyo ilishamiri Panipat, India, ambako masweta makuukuu huchanwa na kufanywa blanketi, zikiwemo za misaada kwa waliokumbwa na majanga.

Kuna wanaofumua badala ya kukata. Hapo huangaliwa mshono wa ubavuni: ukiwa umepigwa ovaloki, sweta lilikatwa kutoka kwenye kitambaa, na uzi utatoka vipande vipande usifae kitu. Ukiwa ni mshono wa mnyororo, uzi hutoka mmoja mrefu tangu juu hadi chini. Uzi huo hufumwa vitambaa vya makochi na kofia.

Kwa upande wa soko, Arua ina watu na Koboko ina mipaka. Barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra mpakani mwa Kongo, inapita miji yote miwili na kuishia Oraba, ng'ambo ya Kaya ya Sudan Kusini. Vita vya Julai 2016 nchini Sudan Kusini viliwakimbiza wateja wa mji wa Yei. Mwezi uliofuata kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa wilayani Yumbe, na katika miezi michache ikapita watu 270,000. Wateja walihama pamoja na watoto wao. Wakaja pia wafadhili na mafunzo ya ushonaji, na vyerehani vya kuanzia maisha, hadi mafundi wa sare za shule wakawa wengi kuliko sare. Nionavyo, hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kugeukia masweta: ushindani bado ni mdogo. Msimu nao uko wazi. Muhula wa pili huanza mvua zikiwa zimeshika, na sweta la rangi ya bluu au damu ya mzee, lisilo na maua, hupunguzwa na kuuzwa kwa wazazi ambao shule zao hazilazimishi duka moja.

Kampala kuna njia nyingine. Mbunifu Bobby Kolade, kwa lebo yake ya Buzigahill, huunda nguo mpya kutoka mitumba na kuziuza katika nchi zilikotoka, mradi aliouita Return to Sender. Ni wazo zuri, lakini linadai jina, picha na mizigo ya ndege. Fundi wa barazani Koboko anauza kwa anayepita.

Hofu yake iko kwenye sera. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu za AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na Uganda, Kenya na Tanzania zikalegeza. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale, alitangaza kuipiga mitumba marufuku, akisema ni nguo za marehemu. Mabelo yakaendelea kuja.

Marufuku kamili si lazima ili biashara hii ife. Ushuru uliowekwa na Rwanda mwaka 2016 ulikuwa dola 2.50 kwa kilo. Ukitozwa hapa, belo letu la kilo 45 litalipiwa dola 112.50, zaidi ya dola moja kwa kila sweta, zuri na bovu. Kwa bei hiyo mchuuzi hawezi kuachia mabaki kwa fungu. Atayang'ang'ania mpaka yarudishe ushuru, na fundi atarudi kwenye sare za shule, pamoja na wenzake wote.