Kidukari wa Misaiprasi Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa: Namna ya Kupima Anuwai ya Kijenetiki ya Mdudu Asiyejamiiana

Kidukari wa misaiprasi (Cinara cupressivora) aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Malawi mwaka 1986. Baada ya miaka michache alikuwa ameingia Tanzania, na kufikia mwaka 1990 alikuwa Kenya. Mdudu huyu hufyonza utomvu wa matawi. Majani hukauka na kuwa ya rangi ya kahawia, na mti ulioelemewa hufa. Kwa mkulima wa milima ya Umatengo wilayani Mbinga, msaiprasi ni mbao na ni akiba ya kulipia ada ya shule. Hivyo basi, suala la iwapo vidukari wa huko ni wa ukoo mmoja au koo kadhaa si la maabara peke yake.

Barani Afrika mdudu huyu anajulikana kwa majike wanaozaa bila kupandwa. Binti hurithi jeni zote za mama yake. Vidukari elfu moja juu ya mti mmoja wanaweza kuwa, kijenetiki, mdudu mmoja aliyejirudia mara elfu. Mtafiti anayekusanya vidukari hamsini katika tawi moja huenda akahesabu ukoo mmoja mara hamsini, kisha akadai kwamba wilaya nzima haina anuwai. Kinachopaswa kuhesabiwa ni koo, na sampuli itokane na miti mingi iliyo mbalimbali. Aidha, DNA ya mitokondria hufaa zaidi kutambua spishi. Koo zilizotengana karibuni hutofautishwa vyema kwa mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia.

Jiografia ya Mbinga inatatiza tafsiri. Msaiprasi ni mti wa nyanda za juu, ilhali mwambao wa Mbamba Bay na Liuli ni wa chini na wenye joto. Kidukari mwenye mabawa anaweza kupeperushwa na upepo. Anaweza pia kusafirishwa na miche, au kuzunguka ziwa kupitia Mbeya na Njombe. Kukuta ukoo uleule Malawi na Mbinga hakuthibitishi kwamba ziwa lilivukwa. Ushahidi wenye uzito zaidi ungekuwa ukoo uliopo pande zote mbili za ziwa lakini usioonekana Mbeya wala Njombe.

Umuhimu wa utambuzi huu unadhihirika katika udhibiti wa kibiolojia. Nyigu Pauesia juniperorum, aliyeletwa kutoka Ulaya, aliachiwa Malawi mwaka 1994, wakati kidukari bado akiitwa Cinara cupressi. Ni mwaka 1999 ndipo Watson na wenzake walipompa jina lake la sasa, wakikadiria kwamba asili yake ni eneo la kuanzia mashariki mwa Ugiriki hadi kusini mwa Bahari ya Kaspi. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, lakini miti ilikuwa ikifa.

Uchache wa koo usichukuliwe kuwa udhaifu. Haukumzuia mdudu huyu kuenea nchi kadhaa kwa miaka minne. Unamaanisha tu kwamba nyigu anayeumudu ukoo mmoja huenda akawamudu karibu vidukari wote, hadi ukoo mwingine utakapoingia. Kwa sababu hiyo, vidukari waliotagiwa na nyigu na wale walio salama katika mti huohuo wahifadhiwe katika chupa tofauti za ethanoli, ili ibainike kama waliosalimika ni wa ukoo mwingine.