CV au Resume? Usichanganye Madesa

Msimu wa maonyesho ya ajira ukikaribia, wenzetu huniletea makaratasi yao niyapitie, na karibu wote wanaleta kitu kilekile: CV ya nyumbani, kurasa nne, picha ya pasipoti pembeni, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, na wadhamini watatu na masanduku yao ya posta. Halafu wanashangaa kampuni za hapa Marekani zinakaa kimya.

Tuanze na majina yenyewe. Curriculum vitae ni Kilatini, mwendo wa maisha. Résumé ni Kifaransa, muhtasari. Hapa Marekani tofauti hiyo wanaishika kwelikweli. CV ni ya chuo na utafiti: machapisho, makongamano, masomo uliyofundisha, hata ikifika kurasa kumi hakuna atakayelalamika. Resume ni ya kampuni, na kwa sisi ambao hatujafanya kazi miaka mingi ni ukurasa mmoja. Mmoja tu, jamani. (Mwenye mpango wa kuhamia Uingereza asichanganyikiwe: huko hata kampuni huomba CV, ila wanataka fupi, kwa kawaida kurasa mbili.)

Picha, dini na ndoa, ondoa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, kwa hiyo kampuni nyingi hazitaki hata kuyaona mambo hayo.

Kinachotuumiza kimyakimya ni GPA. Aliyesoma Mlimani kapimwa kwa 5, hapa wanapima kwa 4. Ukiandika 4.2 peke yake, msomaji ataona umekosea au unadanganya. Andika 4.2/5.0, yaishe.

Halafu kazi ulizofanya. "Nilifanya mafunzo ya vitendo mamlaka ya maji" haisemi kitu. Ulipima nini, pampu ngapi, kwa programu gani, na matokeo yakawaje? Najua tumelelewa kutojisifu, ila huku si kujisifu, ni kutoa hesabu. Kama namba huna, usibuni, maana kwenye usaili watakuchimba.

Kwa nini nawasumbua na haya? Mwenye viza ya F-1 akishaanza OPT anaruhusiwa kukaa bila kazi jumla ya siku 90 tu, na kazi yenyewe lazima iendane na fani aliyosomea. Kubeba maboksi hakuhesabiwi, bwana. Siku hizo zinayeyuka upesi ukiwa unatuma karatasi ambayo hakuna anayeisoma hadi mwisho.

Kwa hiyo tengeneza zote mbili mapema. CV iwe ghala, kila ulichofanya unakitupia humo. Resume unaichota humo upya kwa kila tangazo la kazi. Anayetaka nimpitie yake aje nayo imechapwa, ukurasa mmoja, pamoja na tangazo lenyewe.