Treni kwa Saa, Daladala kwa Kujaa

Mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta au Kariakoo ni nadra kufika kazini kwa gari moja. Hutoka nyumbani kwa bodaboda au bajaji hadi barabara kubwa, hupanda daladala, hushuka, hupanda nyingine au basi la mwendokasi, kisha humalizia kwa miguu. Akiwa na safari ya mkoani, basi kubwa au treni huongezeka juu ya hayo. Muda mwingi wa abiria huyo, pamoja na sehemu kubwa ya pesa na subira yake, hupotea pale anaposhuka chombo kimoja na kusubiri kingine.

Kiini cha adha hiyo ni kwamba vyombo vinavyokutana njiani havifuati kanuni moja ya muda. Treni huondoka kwa saa. Daladala huondoka kwa kujaa. Anayetoka kwenye daladala kwenda kwenye treni hana namna ya kujua atafika lini, hivyo hulazimika kutoka nyumbani saa nyingi kabla. Anayeshuka kwenye treni huingia tena katika mfumo usiojali kwamba yeye amewahi.

Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, baada ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, kushindwa kuhudumia jiji lililokuwa likikua haraka. Tangu hapo zimekuwa mali ya watu binafsi, wengi wao wakiwa na gari moja au mawili. Mwenye gari humkabidhi dereva chombo alfajiri, na usiku hudai hesabu, yaani kiasi cha siku walichokubaliana. Foleni ikiwepo, mvua ikinyesha, hesabu ni ileile. Mafuta hutoka kwenye makusanyo ya siku, na kinachobaki ndicho cha dereva na konda.

Mpango huo unaeleza karibu kila kero ya kituoni. Gari halitoki stendi kabla ya kujaa kwa sababu kila siti tupu imekatwa kwenye riziki ya watu wawili. Mwanafunzi husukumwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo na nafasi anayoikalia ni sawa na ya mtu mzima. Foleni inapokuwa nzito, dereva hukatisha ruti: huwashusha abiria katikati ya njia na kugeuza, ingawa leseni ya njia iliyotolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inamtaka afike mwisho. Kwa dereva, kilomita za mwisho ni hasara. Kwa abiria aliyepanga kuunganisha safari, kilomita hizohizo ndizo zilizomtoa nyumbani, na hapo hulipa nauli ya pili kwa njia moja.

Abiria nao wamebuni njia zao. Iliyoenea zaidi jioni ni kugeuza na gari: mtu hupanda daladala inayokuja kinyume na aendako, hulipa, hufika nayo mwisho wa njia, kisha hubaki kwenye siti gari likianza kurudi. Hulipa mara mbili ili apate pa kukaa. Asiyeweza kulipa mara mbili hugombania mlangoni, na hapo wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni ndio huachwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba desturi hii imezoeleka kiasi cha kuonekana ujanja wa mjini, ilhali ni kodi anayotozwa asiye na gari.

Kusubiri kuna hesabu yake pia, na haiko kama wengi wanavyodhani. Magari sita kwa saa yakipita kila baada ya dakika 10, abiria anayefika kituoni bila kupanga husubiri dakika 5 kwa wastani. Magari hayohayo sita yakipita mawili mawili kila baada ya dakika 20, wastani huwa dakika 10. Idadi ya magari haikupungua hata moja, lakini kusubiri kumeongezeka maradufu. Ndivyo inavyotokea foleni inapoyakusanya magari ya njia moja: kituo hukaa kitupu muda mrefu, kisha yakaja matatu yakifukuzana, la kwanza limefurika na la mwisho lina nafasi. Mwenye kubadili gari mara mbili hukutana na bahati nasibu hiyo mara mbili.

Mabasi ya mwendokasi yalikuja kuondoa hali hiyo. Awamu ya kwanza ilianza kazi Mei 2016 kwenye njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa kuwa na njia yake, basi halikwami kwenye foleni, na hilo ni neema kubwa kwa aliyewahi kukaa Ubungo saa nzima bila gari kusogea. Lakini daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro hadi mjini ziliondolewa au kubadilishiwa njia, na wakazi wa mbali zaidi ya Kimara wakapata sehemu mpya ya kushuka na kupanda. Basi lililokusudiwa kupita kila baada ya dakika chache likikosekana, umati wa njia nzima hurundikana kwenye kituo hicho kimoja. Mvua kubwa nayo huufunga mfumo katikati: Bonde la Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, mahali ilipojengwa karakana ya mabasi hayo, na barabara ikifungwa mji hukatika vipande viwili.

Mabasi ya mikoani yalihamishwa Februari 2021 kutoka Ubungo kwenda kituo kipya cha Magufuli, Mbezi Luis. Ubungo palikuwa pamebanwa, na uhamisho huo ulipunguza msongamano wa magari makubwa ndani ya jiji. Kituo kipya ni kikubwa na safi. Hata hivyo kiko mbele ya Kimara, mwisho wa njia kuu ya mwendokasi, na aliyetoka Mbeya au Arusha na mizigo yake hulazimika kubadili usafiri kabla ya kufika mjini. Tatizo lilipata sura nyingine mwaka 2023, serikali ilipoyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku kucha baada ya marufuku ya miaka mingi. Basi likiingia Mbezi saa tisa usiku, daladala ni chache na mwendokasi haijaanza. Abiria huchagua kati ya bodaboda, teksi ya gharama kubwa, na kukaa na mabegi hadi kuche.

Upande wa reli, jiji lilipata treni ya abiria wa mjini Oktoba 2012, wakati Harrison Mwakyembe alipokuwa waziri wa uchukuzi, na wananchi wakaibatiza treni ya Mwakyembe. Kwa kweli zilikuwa mbili. Moja ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwenye reli ya zamani iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Nyingine ilitumia reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Zilibeba watu asubuhi na jioni kwa nauli nafuu, zikiwapita wenzao waliokwama barabarani, lakini abiria hakuweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine bila kurudi kwenye daladala. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika, ina milimita 1,067. Tofauti hiyo ya karibu vidole vinne inatosha kuzuia behewa la reli moja lisiingie kwenye nyingine. Reli ya kisasa, SGR, imeongeza kipimo cha tatu, milimita 1,435.

SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Treni ya haraka humfikisha mtu Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, safari inayochukua karibu siku nzima kwa basi. Stesheni ya Dar es Salaam imewekwa katikati ya jiji, si mbali na Kariakoo, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Morogoro, stesheni iko Kihonda na mabasi yako Msamvu, hivyo anayetaka kuendelea Iringa au Ifakara hutegemea bajaji. Mkazi wa Kibamba au Chanika anaweza kutumia muda mrefu zaidi kufika stesheni kuliko ule atakaotumia ndani ya treni hadi Morogoro.

Kenya ilikutana mapema na tatizo hili la kufikia stesheni. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa 2017, huanzia Syokimau nje ya Nairobi na kuishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Nairobi, treni ndogo ya reli ya zamani iliwekwa kuunganisha stesheni ya katikati ya jiji na Syokimau, ratiba yake ikipangwa kufuata ile ya treni kubwa. Miritini, abiria wengi walishukia mikononi mwa matatu na teksi zilizopandisha nauli kila treni ilipoingia.

Dar es Salaam, ugumu zaidi uko katika mgawanyo wa mamlaka. Wakala wa mwendokasi uko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Shirika la Reli na LATRA ziko chini ya wizara inayosimamia uchukuzi. TAZARA ni ya serikali mbili, Tanzania na Zambia. Stendi ni za halmashauri, na daladala ni za maelfu ya watu. Kila mmoja hupanga utaratibu na tiketi zake.

Mengi yangewezekana bila kumwaga zege jipya. Basi la kusubiri treni ya usiku linahitaji dereva anayelipwa kwa kilomita, si kwa hesabu, na LATRA inayo nafasi ya kuweka sharti hilo katika leseni za njia chache zinazogusa stesheni na Mbezi. Kigali iligawa njia zake kwa kampuni chache mwaka 2013, kisha kadi ya Tap&Go ikaondoa ugomvi wa chenji. Foleni za jioni hazikwisha huko, kwa kuwa magari yalibaki machache kuliko watu, lakini abiria hakuulizwa tena na konda kama ana pesa kamili.